Kufufua Porsche 911 SC nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia kutu hadi mwasho wa kwanza

Porsche 911 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Frankfurt mwaka 1963, na ya mwisho yenye injini ya kupozwa kwa hewa ilitoka kiwandani mwaka 1998. Kwa miaka hiyo yote injini yake ilikaa nyuma, silinda sita zimelala tatu kila upande, bila rejeta na bila tone la maji. Hewa ya feni na oili ndizo zilizobeba joto lote. Ukilielewa jambo hilo moja, kazi nyingine yote ya gari hili inaeleweka, kwa sababu karibu kila ugonjwa wa 911 ya zamani unaanzia kwenye joto, oili au kutu.

Mwongozo huu unahusu 911 SC, iliyouzwa kama modeli za 1978 hadi 1983. Ndiyo ninayompendekezea mtu anayetaka kufanya kazi hii kwa mikono yake mwenyewe. Injini yake ni ya lita 3.0, na bloku yake ni ya alumini. Zile za lita 2.7 zilizoitangulia zilikuwa na bloku ya magnesi, na stadi (bolti ndefu zinazoshikilia silinda hedi) zina tabia ya kung'oka na nyuzi zake pindi injini inapopata joto kali. Tena, kuanzia modeli za 1976 Porsche ilianza kutumia mabati yaliyopakwa zinki pande zote mbili, kwa hiyo bodi ya SC inastahimili kutu kuliko ndugu zake wakubwa. Inastahimili, lakini haijakingwa milele.

Kanuni yangu naitaja mapema kwa kuwa itakuongoza hadi mwisho: kwanza rudisha gari katika afya liliyotoka nayo kiwandani, liendeshe, kisha ndipo ulibadilishe. Na kila badiliko liwe la kufunga kwa bolti, linaloweza kufunguliwa. Anayeanza kubadilisha gari bovu hajui tena kama tatizo ni la zamani au amelileta yeye.

Kuchagua gari

Anza na namba. Namba ya chesesi imegongwa kwenye bati ndani ya buti, na buti la 911 liko mbele. Namba ya injini iko kwenye bloku, karibu na feni, upande wa kulia. Zilinganishe na hati za gari kabla ya kuongea bei. Kama unaagiza kutoka nje, zungumza na wakala wa forodha kabla ya kulipa chochote: Kenya, kwa mfano, ina sheria inayozuia magari yaliyozidi miaka minane kuingizwa nchini, na hupaswi kuifahamu sheria hiyo gari likiwa tayari bandarini.

Kisha lala chini na tochi. Kutu ya 911 ina makao yake. Tazama sakafu ya mbele chini ya tangi la petroli na pembeni mwa betri, maana asidi ya betri hushuka humo kwa miaka. Tazama chini ya milango, kwenye mabati marefu yanayobeba sakafu, na mahali pa kuingizia jeki. Fungua mlango uangalie nguzo yake ya nyuma karibu na komeo. Pitisha vidole kwenye kingo za kioo cha mbele na cha nyuma. Halafu nenda nyuma, pale ambapo bomba kubwa linalobeba tosheni baa (fimbo za chuma zinazojipinda badala ya springi) limeungana na bodi. Hapo kukiwa kumeoza, gari limepoteza uti wa mgongo, na bei lazima ishuke sana au uondoke. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa: isiponata, chini ya rangi kuna puti nene.

Injini isikilize ikiwa baridi. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Moshi wa buluu kwa muda mfupi baada ya kuwashwa ni wa kawaida, kwa sababu silinda zimelala na oili hutiririka kidogo kuingia ndani gari likisimama. Moshi usioisha ndio wa kuogopa. Mlio wa cheni kugonga kwa sekunde chache ukiwasha, hasa ukirudi kila mara, unaashiria vikaza cheni (vifaa vinavyokaza cheni za injini) vilivyochoka, na hilo nitalirudia kwa urefu.

Ukiruhusiwa, fungua vifuniko vya valvu vya chini. Kila silinda ina stadi nne, jumla 24, na 12 za chini ndizo zinazosumbua kwenye SC. Zilitengenezwa kwa aloi iitwayo Dilavar, na zikishikwa na kutu hukatika zenyewe, wakati mwingine gari likiwa limeegeshwa tu. Ukikuta nati imelegea, au imelala ndani ya kifuniko pamoja na kipande cha stadi, umepata jibu: injini itafunguliwa. Pima pia kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote. Zinazokaribiana ni habari njema kuliko moja iliyo juu sana na nyingine iliyo chini.

Mahali pa kazi na vifaa

Unahitaji sakafu ya zege iliyo sawa, paa lisilovuja, mlango unaofungika, na nafasi ya kutosha kuzunguka gari likiwa limefunguliwa milango yote. Unahitaji pia rafu. 911 iliyofunguliwa hula nafasi maradufu ya 911 nzima.

Vifaa vya kawaida vya fundi vinatosha kwa sehemu kubwa: spana na soketi za milimita, funguo za allen, jeki ya magurudumu yenye nguvu, stendi nne imara, nyundo ya mpira, multimita. Ongeza spana ya kupimia nguvu ya kukaza, na nunua nzuri. Bloku na silinda hedi ni alumini, na alumini haisamehe mkono mzito. Utahitaji pia geji ya saa ya kupimia mwendo wa valvu, vile vyembamba vya kupimia nafasi, na kipimo cha presha ya petroli kinachofaa mfumo wa petroli wa Bosch ulio kwenye gari hili. Kwa bodi: grainda, mashine ya kuchomelea ya waya na gesi, kampresa, na barakoa yenye chujio halisi. Mvuke wa zinki ukichomelewa unaleta homa na maumivu ya kifua, kwa hiyo futa zinki mahali pa kuchomelea na fungua madirisha yote.

Kamwe usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee.

Kufungua

Piga picha kabla ya kila bolti. Si picha moja ya injini yote, bali kila pembe, kila klipu, kila mahali waya unapopita. Tia bolti kwenye mifuko ya nailoni, andika kwa kalamu ya wino usiofutika zilikotoka, na pale inapowezekana zirudishe kwa vidole kwenye matundu yake. Usitupe kitu chochote kibovu hadi kipya kiwe mkononi na umekilinganisha.

Injini na giaboksi hutoka pamoja, kupitia chini. Toa waya wa betri. Mwaga oili: kuna nati ya kumwagia kwenye tangi la oili, ambalo liko ndani ya madigadi ya nyuma kulia, na nyingine kwenye sampu, chini ya injini. Kisha tenganisha mipira ya oili, mipira ya petroli, plagi kubwa ya waya iliyo kushoto ndani ya chumba cha injini, fimbo ya akseleta, kebo ya klachi, waya za stata, na mkanda wa chuma unaounganisha giaboksi na bodi. Fungua sivi jointi mbili za giaboksi, yaani viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Ndani ya gari, kati ya viti vya nyuma, kuna kifuniko kidogo. Chini yake ndipo fimbo ya gia inapounganishwa. Hatimaye weka jeki yenye ubao mpana chini ya injini na ufungue bolti nne: mbili za injini nyuma kabisa, mbili za giaboksi. Mzigo huo unazidi kilo 200, kwa hiyo mtu wa pili anahitajika, kazi yake ikiwa kutazama tu kitu kilichosahauliwa kisivutwe.

Nati za ekzosi ndizo zitakazokupima. Zipashe moto kwa gesi, zipulizie mafuta ya kulegeza, ziache usiku kucha, rudia. Stadi ikikatika ndani ya silinda hedi, usitoboe kwa mkono mtupu. Mpelekee fundi wa kukereza mwenye kielekezi cha kushikilia tundu katikati.

Bodi

Kama kuna mabati ya kubadilisha chini ya milango, pima kwanza. Milango ikiwa bado imefungwa vizuri, pima nafasi zake juu na chini, kushoto na kulia, uandike. Kisha chomelea vyuma vya kushikilia ndani ya uwazi wa mlango kabla ya kukata chochote. Bodi ya 911 haina fremu tofauti; mabati hayo ndiyo yanayolishikilia gari lisijipinde. Ukiyakata bila kushikilia, mlango hautafunga tena, na hakuna rangi itakayoficha hilo. Targa, aina ya 911 isiyo na paa la chuma, inahitaji uangalifu zaidi.

Kabla ya kuchomelea, toa tangi la petroli, toa betri, chomoa alteneta, na utoe sanduku la umeme wa plagi, lile la Bosch lililofungwa kushoto mwa chumba cha injini. Kata kutu mpaka ufike kwenye bati linalong'aa. Kupachika bati jipya juu ya bati lililooza ni kuifungia kutu ndani pamoja na unyevu wake. Chomelea nukta kwa nukta, ukihama kutoka upande huu hadi ule ili bati lisipate joto na kujikunja.

Ukimaliza, kwanza praima ya epoksi, kisha sili kwenye kila maungio, kisha puti nyembamba pale tu inapohitajika. Ndani ya mabati yaliyofungwa pulizia nta ya kuzuia kutu, na kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako hewa yenyewe ina chumvi, rudia nta hiyo kila baada ya miaka michache. Matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango yasizibwe na rangi. Gari nyingi zimeoza kutoka ndani kwa sababu ya hilo tu.

Rangi ya mwisho unaweza kuipiga nyumbani, lakini hapa ningelipa. Fanya wewe maandalizi yote, msasa hadi msasa, kisha lipeleke kwa fundi mwenye chumba kisichoingia vumbi.

Injini

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo, na hapa ndipo ninaposihi usifanye haraka.

Osha injini kwa nje kabla ya kuifungua. Ondoa mabati ya kuelekeza hewa na utazame mapezi ya silinda. Gari lililosimama miaka mingi mara nyingi huwa na kiota cha panya humo ndani, na silinda iliyo chini ya kiota hicho ilikuwa ikipikwa bila mtu kujua. Oili iliyovuja ikichanganyika na vumbi inakuwa blanketi juu ya mapezi, na joto hukosa pa kutokea. Safisha kila mfereji hadi uone mwanga upande wa pili.

Kama kompresheni ni nzuri na stadi zote ni nzima, huna haja ya kugawa bloku. Badilisha sili zinazovuja, rekebisha valvu, weka vikaza cheni vipya na uendelee. Tatu kati ya sehemu zinazovuja sana ziko pamoja juu ya bloku: swichi ya presha ya oili, oringi ya themostati ya oili, na gasketi ya kifuniko cha kupumulia. Ukiwa na injini nje, badilisha zote tatu bila kujiuliza, maana zikiwa ndani ya gari mkono haufiki. Mirija minne ya kurudishia oili chini ya silinda nayo huvuja; kuna mirija ya kuuzwa inayojifunga na kujirefusha, inayobadilishwa bila kufungua silinda hedi.

Kama stadi zimekatika au ringi zimechoka, fungua kamili. Silinda na pistoni zipimwe na fundi wa kukereza, silinda hedi ziwekewe gaidi mpya za valvu, krenkshafti ipimwe na kung'arishwa. Bolti za konrodi ni za kutumika mara moja tu. Zikishafunguliwa, nunua mpya. Stadi za chini weka za chuma cha kawaida badala ya Dilavar. Bloku ikigawanywa, nyuso zake zisafishwe hadi zisiwe na chembe ya gundi ya zamani, na gundi mpya iwe nyembamba, isimwagike kwenye njia za oili.

Vikaza cheni vinahitaji aya yao. Kila upande wa injini una cheni inayozungusha kamshafti, na kila cheni ina kikaza chake. Vya SC vinafanya kazi kwa oili iliyofungiwa ndani yake. Sili ikichoka, kikaza kinalala, cheni inalegea, na ikiruka meno valvu zinagongana na pistoni. Mwaka 1984, Carrera ya lita 3.2, mrithi wa SC, ilipotoka, Porsche iliweka vikaza vinavyolishwa presha na oili ya injini yenyewe. Vinaingia kwenye SC kwa kubadilisha vifuniko na mirija. Hili ni badiliko ninaloliruhusu hata kabla gari halijawa zima, kwa sababu linaokoa injini.

Taimingi ya kamshafti hupimwa kwa geji ya saa. Zungusha krenki hadi alama ya Z1 kwenye puli (pistoni ya kwanza ikiwa mwisho wa mwendo wake) ilingane na mstari wa bloku, kisha pima valvu ya kuingiza ya silinda ya kwanza imefunguka kiasi gani wakati ile ya kutoa inamalizia kufunga. Kipimo kinatofautiana kwa mwaka na kwa aina ya kamshafti, kwa hiyo tumia kitabu cha modeli yako hasa. Fanya hivyohivyo upande wa silinda ya nne. Zungusha injini kwa mkono mizunguko kadhaa, upime tena. Ukihisi kizuizi, simama. Kizuizi hicho huenda ni valvu iliyogusa pistoni.

Nafasi ya valvu ni milimita 0.10, injini ikiwa baridi kabisa, za kuingiza na za kutoa. Mfuatano wa kuwaka ni 1-6-2-4-3-5. Anza na silinda ya kwanza, rekebisha valvu zake mbili, zungusha krenki digrii 120, nenda ya sita, endelea. Ukizungusha mara mbili kamili umezimaliza zote 12. Kipimio kipite kwa kujivuta kidogo, kisilegee, kisilazimishwe.

Klachi nayo ibadilishe injini ikiwa nje. Diski za SC zilikuja na mpira katikati ya kitovu chake, na mpira huo unaoza na kumeguka. Weka diski yenye springi.

Petroli na hewa

SC inatumia mfumo wa Bosch K-Jetronic, ambao hauna kompyuta ya kugawa petroli. Hewa inayoingia inainua sahani, sahani inasukuma kifaa cha kugawa petroli, na nozeli sita zinapulizia bila kukoma. Mafundi wengi wanauogopa, lakini mimi naupenda. Unaomba mambo matatu tu: petroli safi, presha sahihi, na hewa isiyopenya pengine.

Gari lililosimama muda mrefu, toa tangi, lioshe, badilisha chujio na mipira yote. Usiwashe pampu na petroli ya zamani. Uchafu wake utaziba kifaa cha kugawa na hapo gharama inapanda. Pima presha, injini ikiwa baridi na ikiwa moto, kabla ya kugusa skrubu yoyote ya mchanganyiko.

Hewa inayopenya baada ya sahani haihesabiwi, na injini inakosa petroli. Kuna jaribio rahisi: injini ikiwa inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili. Ngurumo inapaswa kubadilika mara moja. Isipobadilika, kuna mahali pengine hewa inaingia. Tafuta kwenye mipira ya nozeli, mabuti ya maingilio, hata sili ya kijiti cha oili. Sanduku la hewa ni la plastiki, na injini ikirudisha moto linapasuka. Valvu ndogo ya kutolea presha inayopachikwa juu yake ni ya bei nafuu na inaliokoa.

Wanaotaka kuweka kabureta za Weber au PMO wasikie hili: zinapendeza kwa sauti na kwa macho, lakini zinakula petroli zaidi, zinahitaji kusawazishwa mara kwa mara, na anayeishi Nairobi kisha akateremka Mombasa atahisi tofauti ya mwinuko. Ukiziweka, hifadhi K-Jetronic nzima kwenye sanduku kavu.

Oili na joto

Mfumo wote unabeba takriban lita 13 za oili. Huipimi kama gari jingine. Lipeleke gari hadi lipate joto kamili, liegeshe mahali pa usawa, liache linaunguruma, ndipo uchomoe kijiti. Anayepima injini ikiwa imezima ataona oili ipo chini, atajaza, na baadaye itamwagikia kwenye maingilio ya hewa. Tumia oili ya 20W-50 yenye zinki na fosforasi za kutosha kulinda kamshafti.

Mbele, ndani ya madigadi ya kulia, SC ina kipozea oili cha mirija. Kwa nchi za joto na foleni za Dar es Salaam au Kampala, kibadilishe kwa kile chenye mapezi kama cha Carrera 3.2, ukiongeza feni ndogo ya umeme. Tazama pia mpira mrefu unaozunguka injini yote chumbani mwake. Kazi yake ni kutenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini. Ukikosekana, feni inavuta hewa ambayo imeshapikwa.

Mkanda wa feni huzungusha alteneta na feni pamoja. Ukikatika, taa nyekundu ya chaji itawaka, na hapo una muda mfupi sana wa kuzima injini. Unakazwa kwa kuhamisha pete nyembamba za chuma (washa) kutoka katikati ya puli kwenda nje. Beba mkanda wa akiba na spana yake kila safari.

Breki, chesesi na umeme

Mipira ya breki ikizeeka huvimba kwa ndani hata kama nje inaonekana nzima, na gurudumu linabaki limeshikwa. Badilisha yote, fungua kaliperi na uweke sili mpya, tia mafuta ya DOT 4 na uyabadilishe kila baada ya miaka miwili. Bushi, boli jointi na tairodi zibadilishwe kwa seti. Giaboksi ya aina ya 915 ina utaratibu wake wa kuingiza gia. Kabla ya kuilaumu, weka bushi mpya kwenye fimbo ya gia na urekebishe kebo ya klachi. Nyingi hupona hapo.

Umeme wa SC ni wa kawaida, na ugonjwa wake mkubwa ni miguso yenye kutu. Toa kila fyuzi, piga msasa mashikio yake, weka mpya. Safisha kila mahali waya unapofungwa kwenye bodi, hasa ule mkanda wa giaboksi. Sanduku la umeme wa plagi linabeba volti za kuua. Usiliguse injini ikifanya kazi.

Kubadilisha gari

Gari likishakuwa zima na umeliendesha kwa muda, sasa badilisha. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki sioni muundo unaostahili kuliko ule wa Safari Rally. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Sweden alimaliza wa pili nyuma ya Joginder Singh akiwa na 911. Mwaka 1978 Porsche ilirudi na SC mbili zilizoinuliwa hadi sentimita 28 hivi kutoka ardhini. Mkenya Vic Preston Junior akamaliza wa pili na Waldegård wa nne. Ushindi wa mbio zile za zamani Porsche haikuupata, lakini Waldegård aliendesha 911 na kushinda East African Safari Classic, mbio za magari ya zamani, mwaka 2011. Gari hili lina historia yake kwenye vumbi letu.

Kuinua kunaanzia kwenye zile tosheni baa. Mbele kuna skrubu ya kurekebishia. Nyuma, fimbo ina meno 40 ndani na 44 nje: ukiisogeza jino moja ndani na kuirudisha jino moja nje, unapata badiliko dogo sana, chini ya digrii moja. Fanya pande zote mbili sawasawa, na pima kwa digrii, siyo kwa macho. Fimbo nene zaidi, mfano milimita 21 mbele na 27 nyuma, zinasaidia gari lisigonge chini likibeba mzigo, lakini lazima shokapu zilingane nazo.

Usipande juu kupita kiasi. Sivi jointi zikikaa kwa pembe kali zinachakaa haraka, na tairodi zikiinama gari linajielekeza lenyewe kwenye matuta. Sentimita tano juu ya kimo cha kawaida zinatosha barabara nyingi za murramu. Tumia rimu za inchi 15, zinaacha nafasi ya tairi lenye ukuta mrefu. Weka bamba la alumini chini ya injini, lakini liwe na matundu: bamba lililoziba kabisa linazuia hewa moto kutoka. Chujio la hewa likague kila baada ya safari ya vumbi, na mapezi ya kipozea oili yaoshwe kwa maji yasiyo na presha kali.

Kukata madigadi kwa ajili ya tairi pana, kutoboa paa kwa ajili ya taa, kuondoa bampa za asili na kuzitupa: hayo sikushauri. Mabati ya asili hayarudi.

Mwasho wa kwanza

Injini ikiwa ndani, jaza oili, toa relei ya pampu ya petroli na uchomoe sanduku la plagi. Zungusha kwa stata kwa vipindi vifupi hadi sindano ya presha ya oili ipande. Ndipo urudishe umeme na petroli. Mtu mmoja awe ndani ya gari, mwingine nyuma mwenye kizima moto mkononi, akitazama uvujaji wa petroli.

Kama umeweka ringi mpya, usiiache inanguruma taratibu kwa muda mrefu. Ikishika, ipandishe kidogo, ihakikishe ina presha, na siku hiyohiyo liendeshe. Panda na kushuka kwa kasi tofauti, tumia mlima, lisilazimishwe kwa gia kubwa likiwa taratibu. Tumia oili ya madini, imwage baada ya kilomita 800 hivi, kata chujio uangalie kama kuna chembe za chuma. Liache lipoe usiku mzima, fungua vifuniko vya valvu, na upime tena ile milimita 0.10 kwenye valvu zote 12. Kaza nati za magurudumu kwa Nm 130, kagua mkanda wa feni uliojivuta, na utazame chini ya gari kwa kadibodi safi. Tone moja au mawili ni ya kawaida. Dimbwi halikubaliki, na sasa unajua kila mahali linapoweza kutoka.